Swali Lililokatwa Mkia

Kwetu Mabanga, mtu akitaka kupanda barabara ya Rutshuru haanzi kwa kuuliza askari, wala redio, wala padri. Anaanza kwa kuuliza kama antene ya Kibumba, mnara wa simu ulio njiani, inawaka. Miaka hii ya vita nimeulizwa swali hilo kila mahali: kwenye foleni ya maji, kanisani wakati wa kupeana amani, hata kwa msusi nikiwa nimekaa na kichwa nusu kimesukwa. Mtaa mzima unajua nafanya kazi kwenye kampuni inayotunza minara ya simu, na mtaa mzima unaamini nimebeba dawa ya barabara ndani ya tableti yangu.

Imani hiyo haikutoka hewani. Kibumba hakuna umeme wa nguzo. Mnara wetu kule unaishi kwa jenereta, ambayo huku tunaiita gurupe. Gurupe inaishi kwa mazutu, yaani dizeli, na mazutu hutiwa na sentinele, mlinzi wetu, mzee mmoja aliyekaa na mke wake katika kijumba cha mabati chini ya mnara. Sentinele akikimbia, mazutu yanakwisha na mnara unakufa. Basi watu wakapiga hesabu yao wenyewe: antene ikiwaka, mzee yupo, mzee akiwepo, Kibumba kumetulia, kukiwa kumetulia, nenda kavune kabichi zako. Ilikuwa hesabu ya mtaani, lakini ilikuwa imeokoa wengi, na mimi niliyesoma niliishika kama Baba Yetu.

Aliyeishika kuliko sote ni mama yangu. Alikuwa amekimbilia kwangu milio ya bunduki ilipokaribia shamba lake kule Kibumba, tukabanana naye chumbani, mimi na mdogo wangu wa kike, juu ya mawe meusi ya volkano yasiyoota hata jani. Mama hakuupenda mji hata kidogo. Alilalamikia maji, alilalamikia kelele, akaja kulalamikia hata chumvi yetu. "Kwenu huku batu banapanda mboga ndani ya bidon," alisema akiyanyoshea kidole madumu ya jirani, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Kule juu aliacha viazi vilivyokuwa tayari kung'olewa, na kila siku iliyopita aliona viazi hivyo vikioza, au vikiliwa na watu asiowajua.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijanawa uso, alikuwa amesimama mbele yangu. "Mutoto yangu, antene inasema nini leo?"

Niliogopa asubuhi hizo. Ikisema imezima, mama alinuna mpaka jioni. Ikisema inawaka, ningekuwa mimi niliyemtuma mama yangu barabarani. Nilikuwa najibu haraka haraka na kutoka, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua. Mara nyingi mapigano yalikuwa karibu, antene ilikuwa imezima, nami nikashukuru kimoyomoyo kwa kununa kwake.

Sasa lazima niseme kidogo juu ya kazi, la sivyo sitaeleweka.

Kila mnara hutuma habari zake kwenye mashine kubwa pale biro, ofisini kwetu: nimewaka, betri yangu iko hivi, joto langu liko hivi. Habari zote zinawekwa ghalani. Ukizitaka, unaziuliza kwa lugha maalumu ya maswali, lugha kongwe na pana, ambayo mtu anaweza kuiandika maisha yake yote asiimalize. Unaweza kusema: nipe minara ya barabara ya Rutshuru, inayowaka, iliyojibu tangu alfajiri, uipange kwa joto, uiunganishe na majina ya masentinele. Programu yetu ya zamani ililijua lote hilo, lakini ilikuwa nzito, na umeme ukikatika ilikuwa inachukua nusu ya asubuhi kuamka. Mkuu wetu akanunua nyingine nyepesi, inayokaa hata kwenye tableti. Waliotuuzia walisema wazi katika kitabu chao cha maelezo kwamba inakubali sehemu ndogo tu ya ile lugha.

Hilo halikunikera. Nimeziona programu nyingi za kusimamia mitandao, na sijaona hata moja iliyojaribu kubeba lugha nzima. Zinachukua kipande kinachozitosha. Hata Kifaransa changu ni cha biro tu. Nikipelekwa mbele ya jaji nitanyamaza. Kujua nusu ya lugha si dhambi, mradi pale usipoelewa useme hukuelewa.

Na kuna jambo moja zaidi. Mnara uliokufa hauwezi kutuma habari kwamba umekufa. Ghalani linabaki neno lake la mwisho, na neno hilo karibu kila mara ni "ninawaka", kwa sababu ulipolisema ulikuwa bado unawaka. Ndiyo maana sisi wa kazi hii kamwe hatuulizi "unawaka?" tukaishia hapo. Swali letu lina mkia: "na uwe umejibu tangu alfajiri." Bila mkia huo unazungumza na marehemu.

Lilikuwa juma la kwanza la programu mpya. Asubuhi hiyo mama alikuwa amekwisha kufunga kitenge chake cha safari, na jembe amelisimamisha mlangoni. Alijaribu kumpigia jirani yake wa Kibumba, hakumpata, wala hatukushtuka. Simu za kule huchajiwa kwenye gurupe ya sentinele, kwa zamu, na nusu yake huwa zimekufa. Tulikuwa tumelala bila kusikia mlio hata mmoja, na kimya kile kilimpa mama moyo. Nikachukua tableti nikaandika swali langu kamili, na mkia wake. Jibu likaja upesi kuliko lilivyowahi kuja. Jicho langu lilitafuta neno moja tu katika orodha ile, likalipata.

"Inawaka, mama."

Mama alinibariki kwa Kinyarwanda, akaita motari wa mtaani kwetu, akakaa kwenye pikipiki upande upande na jembe mapajani. Nilimwangalia mpaka walipokata kona. Sikuwa na wasiwasi wowote, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo nikilikumbuka.

Biro yetu ni chumba kimoja chenye mashine nyingi na dirisha dogo. Mwenzangu pale ni mwanamume wa Butembo, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima nzima, mtu asiye na haraka kabisa. Namwita Grand kwa sababu amenizidi umri, na pia kwa sababu anapenda kuitwa hivyo. Nilimpa tableti aone jinsi kitu kipya kilivyo chepesi. Alivaa miwani, akasoma orodha yote kwa kidole, kutoka juu hadi chini, kama anavyosoma kila kitu.

"Bunagana nayo inafanya nini hapa?" akauliza.

Nikasema labda ameona vibaya. Akanigeuzia kioo. Bunagana, inawaka. Mnara wa Bunagana ulikuwa umenyamaza zamani, tangu njia ya forodha ilipofungwa kwetu na sentinele wa pale akavuka kuingia Uganda na godoro lake. Tulikuwa tumekwisha kuufuta hata katika mazungumzo.

"Uliuliza na saa?" akasema.

"Niliuliza na saa."

Kisha nikafanya jambo la kipuuzi, ambalo siku nyingine lingetuchekesha wiki nzima. Nikaandika: nipe minara ya barabara ya Rutshuru, inayowaka, iliyojibu kabla ya gharika ya Nuhu. Jibu likaja upesi vilevile. Kibumba, inawaka. Bunagana, inawaka.

Programu haikuwa imeelewa mkia wa swali. Sharti la wakati halikuwemo katika kipande chake cha lugha. Na badala ya kusema "hapa sikuelewa", iliukata mkia kimya kimya, ikaujibu mwili uliobaki, kwa adabu zote. Umewahi kumwagiza mtu sombe, yaani kisamvu, isiyo na pilipili kwa ajili ya mgonjwa wa tumbo, yeye akasikia sombe tu? Anakuletea sombe, ya moto, nzuri, na anakutazama akingoja asante.

Grand alikuwa amekwisha kukaa kwenye mashine kubwa, akaliuliza ghala moja kwa moja, kwa lugha yote, bila kupitia kile kitableti. Niliona midomo yake ikisoma. Akafanya ishara ya msalaba kabla ya kuniambia, nikajua.

"Kibumba ilisema neno la mwisho jana magaribi."

Jana magaribi. Kwa hiyo tangu jana, kule juu hakuna mtu aliyetia mazutu. Mzee amekimbia au amekufa, na mimi nimemwambia mama yangu kwamba yupo.

Nilimpigia mama. Haipatikani. Nikampigia tena, na tena, kana kwamba kubonyeza kwa nguvu kungesaidia. Jina la motari katika simu nililipita mara mbili bila kuliona. Grand ndiye aliyemtafuta, akaniwekea sikioni.

"Motari, mama yuko wapi?"

"Nilimushusha juu ya Kanyaruchinya, yaya," akasema, akiniita dada kama mtaa wote unavyoniita. "Nilikataa kuendelea. Batu bengi banashuka na mizigo, banasema kule si kuzuri."

"Na yeye?"

"Aliendelea na miguu."

"Kwa nini hukumrudisha?"

Nilisikia honi na mbuzi nyuma yake. "Nilimwambia, yaya. Bale bamama benye banakimbia nabo balimwambia. Mama anabajibu asema: mutoto yangu iko anafanya kazi ku antene, ameona leo asubui, Kibumba iko sawa. Akabacheka, akaenda."

Sitaki kusema nililia, kwa sababu machozi hayakutoka. Nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati la betri. Watu walikuwa wanamkimbilia usoni na hofu zao, wenye watoto migongoni na vyungu vichwani, na mama akawaona wajinga. Alinishika mimi akayaacha macho yake mwenyewe. Kama angekuwa na mtoto mchuuzi wa mkaa, angerudi na wenzake.

Hapakuwa na la kufanya. Huko ndiko kuogopa kwenyewe. Kama kungekuwa na la kufanya, ningelifanya. Nilitaka kuchukua pikipiki nimfuate. Grand akasimama mlangoni na mwili wake mkubwa akasema, "Kisha tutafute babili, weye na mama?" Nilimtukana. Nilimwambia kabila zima la Butembo ni watu wa kuhesabu nyanya barabara ikiwaka moto. Alinisubiri nimalize, akanipa maji.

Kisha akafanya kitu ambacho wakati ule nilikiona ni upuuzi wa mzee. Alikaa akaanza kujenga lango mbele ya programu. Kila swali likija, lango lilichunguze neno kwa neno. Likikuta neno moja tu lisilojulikana, lilirudishe lote mlangoni na kusema: swali hili sielewi. Alifanya kazi polepole kama anapalilia, nami nilitembea huku na huku nikimchukia kwa utulivu wake. Alipomaliza, nusu ya picha kwenye kioo kikubwa cha ukutani, kinachotumia programu hiyohiyo, zilifutika, na mahali pake pakaandikwa kila pembe: sielewi, sielewi, sielewi.

Mkuu aliingia akaona, akashika kiuno. Akauliza ni nani aliyeharibu kioo chake, na wageni wakija tutaona aibu gani.

"Haijaharibika," nikamwambia. "Ilikuwa inatudanganya. Sasa imeacha." Nadhani sauti yangu haikuwa ya mfanyakazi kwa mkuu wake, kwa maana alinitazama, akamtazama Grand, akatoka.

Katika kile kipande kidogo cha lugha kilichobaki, tulipata njia moja ya kweli. Programu haikuweza kuchuja kwa saa, lakini iliweza kuionyesha. Hivyo nilikuwa nauliza: nionyeshe Kibumba, na saa yake ya mwisho. Maneno yote hayo iliyajua. Ikanijibu: jana, magaribi. Nikauliza tena. Jana, magaribi. Mchana kutwa nilikaa hivyo. Chai ilipoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Nilimwona mama amelala kwenye matuta ya viazi. Nilimwona amefichwa na watu wema. Nilimwona anahojiwa kwenye kizuizi, anawaambia wenye bunduki kwa majivuno kwamba mwanawe anafanya kazi kwenye antene, nao wanasikia neno antene na kukunja uso. Hiyo ya mwisho ilinitoa jasho hata mikononi. Niliomba, nikaweka nadhiri ambazo sina uwezo wa kuzitimiza.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa ziwa nilipouliza tena, bila tumaini, kama mtu anayejikuna. Na saa ikabadilika. Haikuwa jana tena. Ilikuwa sasa hivi.

"Grand!" nikapiga kelele. "Grand, imewaka!"

Alikuja, akauliza kwenye mashine kubwa, kwa lugha yote. Ni kweli. Kibumba ilikuwa imejibu, na baada ya muda mfupi ikajibu tena. Mazutu yametiwa. Mzee amerudi kwenye gurupe yake, na mzee akirudi, kumetulia, na mama yuko salama, pengine hata ameketi kwake anachoma viazi. Hesabu nzima ilijipanga kichwani mwangu yenyewe, tamu. Nilimkumbatia Grand, mtu nisiyewahi hata kumgusa bega. Nikampigia mdogo wangu nyumbani. Hakuningoja nimalize, nilimsikia akitoka mbio uani akipiga vigelegele, na sauti za majirani zikiuliza, na yeye akiwajibu: inawaka, Kibumba inawaka! Akasahau simu mkononi. Nikakata, nikachukua tableti, nikatafuta pikipiki ya kwenda nyumbani.

Nilipofika, viatu vya mama vilikuwa mlangoni.

Nilivitazama nisivielewe. Vilikuwa vimejaa matope mekundu mpaka kamba, na kimoja kimechanika. Nikaingia. Mama alikuwa ameketi kitini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, mdogo wangu amepiga magoti analia na kucheka huku anamkanda nyayo. Nilimwangukia. Alinuka moshi na jasho, na alikuwa mzima. Nikamsikia akisema juu ya kichwa changu, taratibu, bila kunilaumu, "Nilirudi, mutoto yangu. Njiani nilikutana nabo."

Ndipo nikaona kwamba hatukuwa peke yetu. Kwenye kitanda changu walikaa mzee na mke wake, kila mmoja na kikombe cha chai, wakiwa na mfuko mmoja wa nguo kati yao. Mzee alikuwa na koti la kampuni yetu. Sikuwahi kumwona ila kwenye picha ya kadi yake ya kazi.

"Shikamoo, papa," nikasema, na nilivyokuwa na furaha bado niliongeza, "asante kwa kazi. Nimeona gurupe inafanya kazi vizuri."

Mzee aliniangalia kwa heshima, kama mtu anayengoja mkubwa amalize mzaha.

"Gurupe gani, mama?"

"Ya Kibumba. Uliiacha na nani?"

"Naiacha na nani? Balipoanza kupiga, nilizima mie mwenyewe, jana magaribi. Nilifunga kufuli zote mbili. Tulilala ndani ya miti, asubui tukaanza kushuka." Akaingiza mkono mfukoni mwa lile koti, akatoa funguo mbili zilizofungwa kwa uzi, akaziweka mezani mbele yangu, vizuri, kama anayekabidhi kazi. "Zote ziko hapa."

Niliwasha tableti juu ya meza, pembeni ya funguo. Niliuliza kwa maneno yale machache tu ambayo programu inayajua, na ikanijibu kweli tupu. Kibumba inawaka. Imejibu sasa hivi. Betri inajaa vizuri. Ni nani aliyevunja kufuli zile mbili akatia mazutu, hilo halikuwemo katika maneno yake.

Mlango ulisukumwa. Alikuwa jirani yetu wa nyuma, aliyekimbia Kibumba kama mama, amekwisha kufunga kitenge kiunoni na kapu kichwani, na nyuma yake uani nikasikia wanawake wengine wakiitana waharakishe kabla giza halijaingia. "Yaya, tunasikia inawaka," akasema. "Ni kweli?"

Nilifungua mdomo. Jibu lilikuwa ndiyo.

Mama alitoa miguu yake kwenye beseni, akasimama na damu kidogo ikatiririka kwenye kidole, akaenda mpaka mlangoni akamshusha yule mama kapu kutoka kichwani kwa mikono yake miwili.

"Inawaka," akamwambia. "Lakini funguo ziko hapa kwetu."